Idjwi: Mtoto akikosa choo, je, probiotiki ni jibu?

Kwenye kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, mtoto anayekaa siku nne au tano bila kupata choo haonekani kwenye ripoti yoyote. Ripoti za afya za jimbo la Kivu Kusini zinahesabu kipindupindu, malaria, surua na utapiamlo, na ni haki, kwa sababu hayo ndiyo yanayoua watoto wengi. Lakini choo kigumu kinamtesa mtoto kimya kimya. Analia kila akienda msalani, anakataa chakula, tumbo linajaa, usiku halali. Mama naye anahangaika kutafuta dawa.

Miongoni mwa dawa ambazo wazazi wanazisikia siku hizi, hasa wale wenye ndugu Bukavu, Goma au ng'ambo, kuna moja yenye jina jipya: probiotiki. Inakuja katika vifuko vidogo vya unga, vidonge au matone, na sifa yake ni kwamba ni ya asili, haina sumu, na inasafisha tumbo. Kwa mzazi aliyechoka kumwona mtoto akiteseka, maneno hayo yana nguvu.

Swali ambalo familia ya Idjwi inapaswa kujiuliza kabla ya kutoa pesa ni moja: je, dawa hiyo inaondoa kweli choo kigumu kwa mtoto? Jibu la utafiti uliofanyika hadi sasa ni fupi: haijathibitishwa. Na katika kisiwa ambacho kila faranga na kila safari ya mtumbwi ina hesabu yake, jibu hilo lina uzito kuliko mahali pengine.

Viumbe hai ndani ya kifuko

Mwaka 2001, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, na wale wa Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, walikubaliana juu ya maana ya neno hilo. Probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, vinamletea faida ya afya yule anayevipokea. Sehemu kubwa ni bakteria wa jamii ile ile inayogandisha maziwa.

Katika maana hiyo kuna mambo mawili ambayo muuzaji huwa hayasemi. La kwanza ni neno "hai". Bakteria waliokufa kwa joto ndani ya kasha lililoachwa juani sokoni, au lililosafiri siku nyingi bila ubaridi, hawatimizi tena maana hiyo. Katika kisiwa ambacho nyumba nyingi hazina umeme wala friji, hilo si jambo dogo. La pili ni kwamba kila aina ya bakteria ina kazi yake. Aina iliyomsaidia mtoto mwenye ugonjwa fulani haitamsaidia lazima mwenye ugonjwa mwingine. Kusema "probiotiki ni nzuri kwa tumbo" ni sawa na kusema "vidonge ni vizuri kwa mwili".

Utafiti umefika wapi

Kukosa choo kwa watoto si tatizo la Idjwi peke yake. Uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali unaonyesha kwamba karibu mtoto 1 kati ya 10 ana tatizo hilo bila ugonjwa mwingine nyuma yake. Ndiyo maana watafiti wamejaribu probiotiki mara nyingi, na wengine walianza na matumaini makubwa.

Mwaka 2010, watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya watoto wachanga 44 waliopewa matone ya bakteria aina ya Lactobacillus reuteri au matone matupu. Waliopewa bakteria walipata choo mara nyingi zaidi, ingawa ugumu wa choo chenyewe haukubadilika kwa namna ya kuhesabika. Habari hiyo ilisambaa. Mwaka uliofuata, utafiti mwingine wa watoto 159 huko Uholanzi na Poland ulijaribu maziwa yaliyochachushwa kwa bakteria wa aina nyingine kwa wiki tatu. Watoto waliokunywa maziwa hayo walipata nafuu kidogo, lakini wenzao waliokunywa maziwa ya kawaida walipata nafuu pia, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikutosha kusema kwamba bakteria ndio walioleta mabadiliko.

Hapo ndipo penye fundisho. Mtoto anayefuatiliwa, anayepewa kinywaji kila siku, anayeulizwa habari za choo chake, mara nyingi anapata nafuu hata kama ndani ya kikombe hakuna dawa. Jirani anayesema "wa kwangu alipona kwa kifuko kile" hasemi uongo. Ila hajui kama mtoto angepona hata bila kifuko.

Mwaka 2022, kundi la wachambuzi wa Cochrane, linalokusanya tafiti za tiba kutoka dunia nzima na kuzipima kwa pamoja, lilipitia tafiti 14 zenye watoto 1,127. Hitimisho lao ni kwamba ushahidi hautoshi kusema kama probiotiki zinatibu choo kigumu cha muda mrefu kwa watoto. Mwaka 2023, madaktari wa Ulaya wa magonjwa ya tumbo la watoto, wa chama cha ESPGHAN, walikwenda mbali zaidi: hawapendekezi probiotiki kwa tatizo hili, si zikitumika peke yake, wala zikiongezwa juu ya dawa nyingine.

Hii haina maana kwamba probiotiki ni sumu. Kwa mtoto mwenye afya ya kawaida hazina hatari kubwa. Hasara yake ni nyingine: pesa zimetoka, wiki zimepita, na choo kimezidi kuwa kigumu.

Mwanza na Uganda walifanya nini

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni hesabu ya Wazungu, na kwamba kwetu Afrika maziwa ya kugandishwa yamelea vizazi. Hoja hiyo inastahili kusikilizwa, kwa maana kwenye ziwa lingine, ziwa Viktoria, jambo hili limejaribiwa na akina mama wa kawaida.

Huko Mwanza, Tanzania, mpango wa Western Heads East wa Chuo Kikuu cha Western cha Kanada ulishirikiana kuanzia miaka ya 2000 na kundi la akina mama wa mtaa wa Mabatini. Walifunguliwa jiko la kutengeneza mtindi wenye bakteria waliochaguliwa, wakauza na kuwapa watu wenye mahitaji, wakiwemo waliokuwa wakiishi na virusi vya ukimwi. Uganda nayo, kuanzia mwaka 2012, ilipokea mbegu ya bakteria ya shirika la Kiholanzi la Yoba for Life. Kifuko kimoja cha gramu 1 kinatosha kutengeneza lita 1 ya mbegu, na mbegu hiyo inatengeneza lita 100 za mtindi. Baadaye mbegu hiyo ilijaribiwa pia kwenye vinywaji vya nafaka kama bushera, kwa ajili ya sehemu ambazo maziwa ni haba.

Mafanikio yapo: akina mama walipata kipato, watoto walipata chakula chenye protini, na teknolojia ilionekana inaweza kuishi kijijini bila kiwanda kikubwa. Lakini lengo la miradi hiyo lilikuwa lishe, kipato na kinga ya mwili. Haikujengwa kutibu choo kigumu cha watoto, na haipaswi kutajwa kama ushahidi wa jambo ambalo haikulipima.

Kwa wakaaji wa Kivu, mashanza ni jina la kila siku. Maziwa hayo ya kugandishwa ni chakula kizuri kwa mtoto aliyevuka umri wa kunyonya tu, mradi maziwa yamechemshwa kwanza, yakapozwa, kisha yakatiwa mbegu kwa chombo safi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe na ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo, ambao unawapata watu pia. Mtoto ale mashanza kwa sababu ni chakula. Asinyimwe matibabu kwa sababu amekula mashanza.

Tatizo linaanzia wapi

Ili kuelewa kwa nini kifuko cha bakteria hakimalizi tatizo, lazima kutazama namna linavyoanza. Mara nyingi linaanza na choo kimoja tu kilichomuumiza mtoto. Kesho yake anaogopa, anabana. Utumbo unaendelea kufyonza maji kutoka kwenye kinyesi kilichobaki ndani, kinakuwa kikubwa na kikavu zaidi. Siku kikitoka kinaumiza kuliko mara ya kwanza, na hofu inaongezeka. Baada ya miezi, utumbo wa chini unatanuka na mtoto hasikii tena haja.

Kisha kinakuja kitendawili kinachowapoteza wazazi wengi. Kinyesi chepesi kinapita pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo. Mama anaona majimaji, anadhani ni kuhara, anampa mtoto dawa ya kufunga tumbo. Mwalimu anaona nguo chafu, anadhani ni uvivu, mtoto anachapwa au anachekwa. Wote wamekosea ugonjwa, na mtoto anabeba aibu ambayo si yake.

Idjwi ina mambo matatu yanayolisha mzunguko huo. La kwanza ni sahani. Bugali wa mihogo unashibisha lakini una nyuzinyuzi chache, na sambaza haina kabisa. Madaktari wengi wanahesabu kwamba mtoto anahitaji kila siku gramu za nyuzinyuzi zinazolingana na umri wake kujumlisha 5. Yaani mtoto wa miaka 5 anahitaji gramu 10 hivi. Gramu 100 za maharagwe yaliyopikwa zinatoa karibu gramu 6. Kipande cha papai, avoka, lengalenga au sombe vinajaza zilizobaki. Idjwi inajulikana kwa mananasi yake, lakini mengi yanapanda mitumbwi kwenda masoko ya Bukavu na Goma kwa sababu nyumba inahitaji pesa. Kumbakizia mtoto tunda ni uamuzi wa uchumi, si wa lishe peke yake.

La pili ni maji. Kumwambia mama "mpe mtoto maji mengi" ni rahisi ukiwa mjini penye bomba. Kando ya ziwa, maji yako mbele ya macho, lakini kipindupindu hakijawahi kuondoka kabisa Kivu Kusini. Maji ya kunywa lazima yachemshwe au yatiwe dawa, na kuchemsha kunataka kuni au makala. Familia yenye makala kidogo itapika bugali kwanza. Kwa hiyo mtoto anakunywa kidogo, au anakunywa maji yasiyo salama. Mashauri yoyote ya choo kigumu yasiyotaja bei ya maji salama yamesahau Idjwi.

La tatu ni msalani. Mtoto mdogo anaogopa shimo lenye giza lililofunikwa kwa miti iliyooza. Shuleni, tangu elimu ya msingi itangazwe kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa mengi nchini yamefurika, na choo cha shule chenye foleni, kisicho na mlango wala maji, kinamfundisha mtoto kubana hadi jioni. Wasichana wanabana zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Minova na pande za Kalehe, familia nyingi zilivuka ziwa na kukimbilia Idjwi, na nyumba zilizokuwa na msala mmoja zikapokea watu mara mbili. Hakuna bakteria wa kwenye kifuko anayetengeneza mlango wa choo.

Tiba iliyothibitishwa

Mwongozo ambao madaktari wa tumbo la watoto wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini walitoa mwaka 2014 unaelekeza hatua zinazofuatana. Kwanza, kuondoa kinyesi kilichokwama, kwa dawa ya kunywa inayovuta maji ndani ya utumbo. Inayopewa nafasi ya kwanza ni makrogoli, inayotolewa kwa kipimo cha kilo za mtoto kwa siku 3 hadi 6. Baadaye mtoto anaendelea na kipimo kidogo kwa miezi 2 au zaidi, au na laktulozi pale makrogoli isipopatikana, na dawa inapunguzwa polepole. Kosa la wengi ni kuacha siku ya kwanza choo kikitoka. Baada ya wiki mbili mzunguko unaanza upya, na wazazi wanasema dawa ilishindwa.

Pamoja na dawa kuna kazi isiyo na bei. Mtoto anakalishwa msalani dakika 5 hadi 10 baada ya kula, kwa sababu utumbo unasukuma zaidi tumbo likipokea chakula. Miguu yake iwe imekanyaga mahali imara. Hachapwi, hatishwi, anasifiwa akijaribu. Anakula chakula chenye nyuzinyuzi za kawaida na kunywa maji ya kawaida. Mwongozo huo hauoni faida ya kuzidisha kupita kiasi; lakini kwa mtoto anayepata chini ya kawaida, kufika kwenye kawaida ni hatua kubwa.

Tatizo ni kwamba makrogoli na laktulozi si dawa zinazojaa kwenye kila kituo cha afya. Tangu Goma ichukuliwe na M23 mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari mwaka huo, benki zilifungwa, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilisimama, na pesa taslimu zikawa adimu. Katika hali kama hiyo, pengo la dawa inayofaa linajazwa na chochote kinachouzwa. Kifuko cha probiotiki ni kimoja. Kingine ni hatari zaidi: kumwingizia mtoto maji ya majani kwa njia ya haja kubwa nyumbani. Zoezi hilo linaweza kuchoma au kutoboa utumbo, na majani mengine yana sumu inayoingia kwenye damu haraka kuliko yakinywewa.

Dalili zisizongoja

Kwa watoto wengi, choo kigumu ni mateso lakini si hatari. Kwa wachache ni mlango wa ugonjwa mwingine, na hapo ndipo kupoteza wiki kwenye kifuko kunaweza kugharimu uhai. Mtoto mchanga ambaye hakutoa choo chake cha kwanza cheusi ndani ya saa 48 baada ya kuzaliwa anapaswa kuonwa na muganga. Anaweza kuwa na ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo sehemu ya utumbo haina neva za kusukuma. Unampata mtoto 1 hivi kati ya 5,000 wanaozaliwa, na tiba yake ni upasuaji. Vilevile mtoto anayetapika majimaji ya kijani, mwenye tumbo lililovimba na kukaza, mwenye homa, damu nyingi kwenye choo, au anayezidi kukonda, hapaswi kubaki nyumbani.

Kwa mkaaji wa Idjwi, hiyo ni safari. Kituo cha afya kinamtuma Hospitali Kuu ya Rufaa ya Monvu, na penye haja ya mpasuaji wa watoto, Monvu inamtuma Bukavu kwa boti, saa kadhaa juu ya maji, upepo ukiruhusu. Familia inayojua dalili hizi inaondoka asubuhi. Isiyozijua inajaribu kifuko kwanza, kisha majani, na inafika mtoto akiwa amechoka.

Upande wa pili, kuna watoto wasiohitaji kitu chochote. Mtoto anayenyonya ziwa la mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima. Akinyonya vizuri, akiongezeka kilo, na choo kikija kikiwa laini, hana ugonjwa. Kumpa matone, maji ya sukari au chai ya majani kabla ya miezi 6 ni kumfungulia mlango wa kuhara.

Kinachoweza kufanyika sasa

Eneo la afya la Idjwi halihitaji kungoja mradi mkubwa ili kupunguza mateso haya. Manesi wa vituo vya afya wanaweza kuuliza swali moja zaidi wakati wa kupima kilo za watoto: anapata choo mara ngapi kwa wiki, na kinamuumiza? Mara 2 au chini ya hapo kwa mwezi mzima, pamoja na maumivu, ni tatizo la kutibu. Wasimamizi wa dawa wanaweza kuweka laktulozi kwenye oda zao. WHO tayari imeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu, ingawa ni kwa ajili ya wagonjwa wanaohitaji kutulizwa maumivu makali. Wakuu wa shule za usultani wa Rubenga na wa Ntambuka wanaweza kuanza na mlango wa choo na ruhusa ya mtoto kutoka darasani bila kuombwa maelezo.

Jimbo nalo lina vyombo vya kutafuta ukweli wake. Kituo cha utafiti cha Lwiro, ng'ambo ya ziwa huko Kabare, na vyuo vikuu vya Bukavu vyenye vitivo vya tiba vinaweza kupima kilichomo ndani ya mashanza ya Kivu: bakteria gani, wangapi, na wanafanya nini kwa mtoto wa hapa anayekula chakula cha hapa. Siku matokeo hayo yakipatikana, mazungumzo juu ya probiotiki yatakuwa na msingi wa nyumbani.

Hadi hapo, hesabu ya mzazi ni hii. Pesa ya kifuko kimoja inaweza kununua maharagwe, avoka na makala ya kuchemshia maji ya siku kadhaa. Hizo ndizo zinazoanza kazi. Zikishindwa, anayefuata ni muganga, si muuzaji.